Zimebaki Ngapi? Kupima Uadimu wa Sarafu za Kale
Mhadhara wa hadhara uliotolewa Magongo, Mombasa



Mtu akishika sarafu ya zamani, swali lake la kwanza ni umri, na la pili ni bei. Swali lililo katikati ya hayo mawili huachwa: zimebaki ngapi, na nani amezihesabu? Bila jibu lake, umri hautuambii kitu na bei inakuwa kubahatisha. Ndilo nililokuja kulizungumza, na nitaanza na sarafu ambayo wengi humu wameishika.

Ni senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, ya shaba, yenye tundu katikati. Ukiisoma ukingoni utakuta jina la Mfalme Edward wa Nane. Huyu aliingia Januari 1936 akajiuzulu Desemba mwaka huohuo, kabla ya kutawazwa. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya watu; vilitengenezwa vipande vichache vya majaribio, na mwaka 2020 kimoja cha dhahabu kiliuzwa pauni milioni moja. Habari kama hiyo ikifika huku kwa simu, watu hufungua masanduku ya bibi zao, wakaikuta senti kumi yenye jina lilelile, wakaamini wametajirika.

Lakini senti yetu haikuhitaji kichwa cha mfalme. Ina tundu, na picha ya uso haina pa kukaa. Jina na taji vilitosha. Kwa hiyo viwanda vya London na Birmingham viliwahi kuigonga, tena kwa mamilioni, na zikasambaa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ndururu, senti tano, vilevile. Mfalme huyohuyo, mwaka huohuo, sarafu moja ni adimu kupita kiasi na nyingine inapatikana kila soko la vitu vya kale kwa bei ya chini. Tofauti yote iko katika hesabu ya zilizotolewa na zilizobaki. Iwekeni hiyo senti, ina historia nzuri, ila msimwuzie mtu kwa jina la uadimu.

Sasa twende Roma, kwa kuwa sarafu za Warumi ndizo zinazobabaisha zaidi. Bandari yetu imepokea mabaharia wa kila taifa, na vijana wa hapa wamefanya kazi melini na wamekwenda Ghuba. Si ajabu nyumba fulani ikawa na kijipande cha shaba chenye kichwa cha mtu aliyevaa taji la majani, na mwenye nyumba akawa anakihifadhi kama mtaji wa harusi ya mwanawe.

Kwa kawaida kijipande hicho ni cha karne ya 4, zama za Konstantino na wanawe. Upande mmoja mfalme, upande wa pili askari wawili wamesimama na bendera ya jeshi kati yao. Sarafu hiyo ina zaidi ya miaka 1,600, na bado Ulaya hununuliwa kwa bei ya chakula cha mchana. Viwanda vya dola, kuanzia Lyon hadi Alexandria, vilizigonga kwa wingi usiohesabika kulipa majeshi na kuendesha masoko. Watu wa zamani walifukia fedha zao kwenye mitungi kila palipozuka vita, na wengi hawakurudi kuifukua. Mwaka 2010, kule Frome, Uingereza, mtungi mmoja ulitoa sarafu 52,503 za Kirumi. Mtungi mmoja tu! Anayedhani kwamba kitu cha kale lazima kiwe kichache hajawahi kusimama mbele ya mtungi wa namna hiyo.

Zipo kweli sarafu za Kirumi zilizo adimu, na hapa ndipo kazi ya mkusanyaji inapokuwa ngumu, maana hakuna mtu aliyetuachia daftari la kiwanda. Senti ya 1936 tunajua viwanda vilitoa kiasi gani. Ya Konstantino hatujui, na hatutajua. Kinachobaki ni kuhesabu zile zilizoonekana: makumbusho yana ngapi, minada imeuza ngapi, mitungi imetoa ngapi. Kitabu kikubwa cha fani hii, Roman Imperial Coinage, kilianza kutoka London mwaka 1923 na kina juzuu kumi. Juzuu ya saba, ya mwaka 1966, iliyoandikwa na Patrick Bruun, inahusu miaka 313 hadi 337, na ndani yake kila sarafu imepewa alama ya uadimu. Alama ya juu kabisa, R5, maana yake mwandishi alikuta kipande kimoja tu katika makusanyo aliyoyapitia.

Zingatieni hayo maneno ya mwisho, katika makusanyo aliyoyapitia. Bruun alifanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa, lakini alihesabu makabati ya makumbusho, na makumbusho hukusanya kwa kuchagua. Baadaye vikaja vifaa vya kutambua chuma ardhini, zikafunguka nchi za Balkani, zikatoka sarafu kwa magunia, na vipande vingi vya R5 vikapata ndugu. Muuzaji bado anaandika R5 kwenye tangazo lake, naye hadanganyi. Anasoma hesabu ya 1966. Mnunuzi ndiye anayetakiwa kuuliza imeshahesabiwa tena lini.

Lipo na jambo jingine ndani ya R5. Mara nyingi kilicho kimoja tu ni nukta, nyota au herufi ndogo chini ya miguu ya askari, alama ya chumba cha kiwanda na awamu ya kazi. Mtaalamu wa viwanda vya Konstantino atafurahia. Wengine wote wataona askari walewale wawili. Kwa hiyo sarafu inaweza kuwa ya pekee duniani na isipate mteja. Nawaombeni mtenganishe kabisa mambo haya mawili katika fikira zenu, uchache na kutakiwa, kwa sababu wauzaji huyachanganya makusudi.

Mfano mkubwa zaidi wa kutakiwa uko jirani, Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezingirwa, meli haziwafikii, fedha zimewaishia. Karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, na wakagonga rupia 15 zenye picha ya ndovu. Zilitoka 16,198. Katika fani yetu hiyo ni idadi kubwa. Ukipenda unaweza kununua moja mwezi wowote, mradi uwe na maelfu ya dola. Wanaotaka ndovu yule ni wengi: Wajerumani, wapenda vita, wapenda reli, wapenda wanyama, wapenda dhahabu. Wakati huohuo kuna sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ambazo ulimwengu mzima umebakiwa na vipande vichache vya aina yake, na mnadani haziwezi kusimama karibu na ndovu huyo. Mimi naona hilo ni kosa la soko, na nalisema waziwazi.

Kabla sijaingia Kilwa, niwajibu wanaouliza kama Warumi walifika kwetu na fedha zao. Walifika wafanyabiashara wa Misri iliyokuwa chini ya Roma. Kitabu cha mfanyabiashara mmoja wa karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea, kinaieleza pwani hii kwa jina la Azania, na bandari yake ya mwisho, Rhapta. Anaorodhesha bidhaa zilizoletwa: mikuki iliyotengenezwa Muza, mashoka, visu, misharasi, vitu vya kioo, na mahali fulani mvinyo na ngano kidogo, za kujenga urafiki na wenyeji. Zilizotoka ni pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa. Fedha hakuzitaja. Kwa Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu, anataja fedha kidogo kwa matumizi ya wageni wanaoishi pale. Kwa Muziris, India ya kusini, anataja fedha nyingi sana. Na ardhi imemsadiki: India ya kusini imetoa maelfu ya dinari za Augusto na Tiberio, ilhali pwani yetu imenyamaza. Biashara yetu ilikuwa ya kubadilishana chuma kwa pembe.

Basi sarafu ya Kirumi iliyotoka katika udongo wa pwani hii ingekuwa adimu kuliko ndovu wa Tabora mara elfu. Na zilishadaiwa kupatikana. Mnamo 1912 ofisa mmoja Mwingereza, Kapteni Haywood, alipita Bur Gao, katika pwani ya Wabajuni, mahali Waingereza walipopaita Port Durnford, leo ni Somalia. Alisema amepata hapo sarafu ndani ya chombo cha udongo. Zilipochunguzwa miaka mingi baadaye zilikuwa mchanganyiko wa kushangaza: za akina Ptolemy wa Misri, za makaisari wa Roma hadi karne ya 4, za Wamamluki, hadi za Waturuki wa Uthmani. Miaka zaidi ya 1,700 ndani ya fungu moja.

Hizo sarafu zenyewe ni halali, hakuna anayesema ni za bandia. Ila hakuna aliyeandika siku ile zilikutwa wapi hasa, katika tabaka gani la udongo, ipi ilikuwa karibu na ipi. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipoikagua pwani hiyo miaka ya 1960 alizitilia shaka, na nakubaliana naye. Kila aina iliyomo ni ya kupatikana Misri, na meli nyingi za Ulaya zilizokuja huku zama hizo zilipita Suez. Yawezekana fungu lilikusanywa na mpenda vitu vya kale likasahaulika. Yawezekana kuna sarafu mbili tatu za kweli za hapo zikachanganywa na nyingine. Hatuna njia ya kuzitenga. Ushahidi wa pekee wa sarafu za Kirumi kwa wingi katika pwani ya Waswahili umepotea huku sarafu zenyewe zikiwapo.

Sasa linganisheni na Pemba. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, lilipatikana fungu la sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo mno, nyingine nyembamba kama gamba la dagaa, pamoja na dinari kadhaa za dhahabu. Za fedha zilikuwa na majina ya watawala wa hukuhuku pwani, mmoja wao Ali bin al-Hasan. Sarafu za pwani yetu za zama hizo hazina mwaka. Zina jina la mtawala na maneno ya kumtegemea Mungu yaliyopangwa kwa vina, upande huu ukiitikia upande ule; basi. Chittick, aliyefukua Kilwa, alimweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200, kwa hoja nzuri za wakati wake. Lakini dinari za Mtambwe zilitoka mbali, kwa Fatimiya wa Misri na wengineo, nazo zilikuwa na miaka, na miaka yake iliishia karne ya 11. Mark Horton na Helen Brown walipolichapisha fungu lile mwaka 1986, Ali bin al-Hasan alirudi nyuma zaidi ya karne nzima, na historia ya miji yetu ikarudi naye.

Fikirini ingekuwaje kama aliyeziona kwanza angezipeleka dinari kwa sonara zikayeyushwa bangili, na zile za fedha zikauzwa mojamoja kwa watalii. Mkusanyaji wa Ulaya angekuwa na kipande cha fedha chenye jina la Ali, adimu sana, kwenye kisanduku cha mahameli. Nasi tusingejua chochote. Vilevile, kabla ya 1984 kipande kama hicho kilikuwa karibu hakijulikani. Baada yake vipo kwa maelfu. Kilichopungua ni uadimu, na kilichoongezeka ni maarifa. Mimi ningechagua hivyo kila mara.

Warumi wana kisa kinachofanana nacho. Karibu na mwaka 1900, magharibi mwa Ufaransa, ilipatikana sarafu ya kaisari aitwaye Domitianus ambaye karibu hakuna aliyemjua, mtu aliyejitangaza kule Gaul kwa muda mfupi mnamo mwaka 271. Ilikuwa peke yake, na wataalamu wengi waliikataa kwamba ni ya kughushi. Mwaka 2003 likafukuliwa fungu la sarafu karibu 5,000 huko Chalgrove, Uingereza, na katikati yake ikawamo ya pili, iliyogongwa kwa chapa zilezile. Ya pili ndiyo iliyoithibitisha ya kwanza. Kwa hiyo kitu kilicho kimoja tu, bila jamaa na bila mahali, huwa na mashaka kuliko kilicho viwili.

Kilwa nayo ina visa vyake. Al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, alijulikana kwa shaba tu, hadi zilipochapishwa sarafu zake tatu za dhahabu mwaka 1991. Ya shaba yenye jina lake imepatikana Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini. Sarafu tano za Kilwa zilikutwa na askari wa Australia katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake, mwaka 1944. Na huku kwetu, Manda, timu ya watafiti Chapurukha Kusimba na Sloan Williams ilipata mwaka 2013 sarafu ya China ya mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424. Huko China sarafu hiyo ni ya kawaida. Kuikuta Manda ni tukio. Kwa jinsi ninavyouelewa uadimu, mahali ni sehemu ya sarafu sawa na shaba yake.

Nije Mombasa yenyewe. Pesa ya shaba ya 1888, yenye mizani na jina la mji wetu, iligongwa kwa kampuni ya William Mackinnon, IBEA. Mkiipata, tafuteni herufi ndogo za kiwanda: H ni ya Heaton, Birmingham; C M ni ya Calcutta. Pesa hiyo bado inapatikana. Iliyobaki na ncha zake, mizani inasomeka kila mshipi, hiyo ni kazi kuipata, kwa sababu hewa yetu ya chumvi haiionei shaba huruma na wenyewe waliitumia hadi ikalainika. Hapo hali ya sarafu ndiyo inayotengeneza uadimu. Na kila mwaka zinapungua zaidi, kwani shaba ni shaba mbele ya mnunuzi wa skrepa. Mtungi wa pesa za babu hupimwa kwa kilo pamoja na nyaya za umeme.

Tena nawasihi: msizisafishe. Ndimu, siki, majivu, mchanga, dawa ya kung'arishia vyombo, vyote vinaondoa ngozi ya sarafu, na ngozi hiyo hairudi. Mtaalamu hutambua ukweli wa sarafu kwa kutu yake iliyokaa karne nyingi. Ukiisugua, umefuta ushahidi na thamani kwa pamoja. Maji masafi na kitambaa laini vinatosha. Kama unashuku ni bandia, mpelekee sonara mwenye mizani nzuri. Ya kumimina kwenye kalibu mara nyingi huwa na mshono ukingoni na vitundu vidogo usoni, na uzito wake huwa haufiki au unapita. Reale ya Maria Theresa nayo isiwatishe kwa mwaka 1780 ulioandikwa juu yake. Malkia alikufa mwaka huo, na reale iliendelea kugongwa kwa mwaka uleule Vienna, London, Roma, Bombay na kwingineko, hadi karne iliyopita na zaidi. Tarehe yake haikuambii ilizaliwa lini.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, maana ndiyo itakayoulizwa. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Pesa ya 1888 iliyokuja na kampuni imo. Ya Kilwa imo. Aliyegundua kitu cha kiakiolojia anatakiwa kuwaarifu Makavazi ndani ya siku saba, aeleze mahali na jinsi alivyokipata. Na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Zile za Kirumi zilizokuja na mabaharia zina nchi zilikotoka, na nchi hizo zina sheria zao. Sarafu ya dhahabu ya Brutus, ya kukumbuka kuuawa kwa Julius Caesar, mojawapo ya tatu zinazojulikana, iliuzwa London mwaka 2020 kwa mamilioni ya dola. Ikabainika kwamba karatasi za asili yake zilikuwa za uongo, na mwaka 2023 ikarejeshwa Ugiriki. Mnunuzi alikuwa na uadimu wa kweli mkononi, na hakuweza kubaki nao.

Kwa hiyo anayechimba msingi wa nyumba Magongo, Miritini au Likoni, anayelima Jomvu, anayeokota kombe ufukweni Mtwapa, akiona sarafu aiache ilipo kwanza. Apige picha kwa simu, na kitu chochote cha kulinganisha ukubwa kikiwa kando. Aandike tarehe, jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, kina cha shimo, na vilivyokuwa karibu: vigae, shanga, mifupa, makaa. Vigae hasa visitupwe, maana kigae kimoja kinaweza kuitaja karne ambayo sarafu haikuitaja. Kila kipande kifungwe peke yake katika karatasi kavu, visichanganywe na vya siku nyingine, kisha vipelekwe Makavazi ya Fort Jesus pamoja na maandishi hayo.